Kupanda Le Morne Brabant, Morisi: mwongozo kamili wa mlima mfupi wenye kazi nzito

Mtu wa kwetu akiambiwa kuna mlima wa mita 556, hucheka. Kilimanjaro una mita 5,895, Mlima Kenya 5,199, na hata Longonot, ambao vijana wa Nairobi huupanda Jumamosi na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni, una mita 2,776. Sasa huo wa Morisi ni mlima au ni kichuguu?

Le Morne Brabant ni jabali jeusi la mwamba wa volkano, limesimama peke yake kwenye rasi ya kusini-magharibi mwa kisiwa, na bahari imelizunguka pande tatu. Unaanza kulipanda karibu na usawa wa maji. Hakuna hewa nyembamba ya kukuumiza kichwa, hakuna barafu, hakuna kulala kwenye mahema. Asubuhi moja inatosha. Lakini kipande cha mwisho si njia ya kutembea. Ni mwamba wa kushika kwa mikono, wenye korongo upande mmoja, na hapo ndipo watu wenye mapafu mazuri kabisa hukaa chini na kusema hawaendi mbele wala hawarudi nyuma. Kwa hiyo ukiuandaa mwili kwa urefu wa mlima huu utakuwa umeandaa kitu kisicho na shida. Andaa mikono, viatu na akili ya kushuka.

Jua kwanza unapanda nini

Hili ni suala la vitendo, kwa sababu ndilo linaloamua njia inaishia wapi na wewe uwe na adabu gani.

Wafaransa walipoitawala Morisi, kati ya 1715 na 1810, waliiita Isle de France, na mashamba yake yaliendeshwa kwa jasho la watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Waliofanikiwa kutoroka mashambani walikimbilia majabalini, na Le Morne likawa ngome ya watoro: pembeni magenge matupu, juu uwanja wa zaidi ya hekta 12, na pa kupitia ni pachache mno. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba baada ya utumwa kufutwa kisiwani tarehe 1 Februari 1835, kikosi cha askari kilitumwa kuwapa watoro habari ya uhuru. Watoro wakadhani askari wamekuja kuwakamata, wakajirusha. Ni masimulizi ya mdomo, lakini kwa watu wa kijiji cha Le Morne ni habari ya babu zao. UNESCO ililiingiza eneo hili kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Ndiyo maana spika ya muziki ibaki hotelini, na jina lako usilichore kwenye mwamba. Ndiyo maana pia njia ya umma haifiki kwenye ncha ya juu kabisa. Inaishia kwenye msalaba wa chuma, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ukiona mtu anakuahidi kukuvusha zaidi ya hapo, mwache aende na ahadi yake.

Chagua mwezi, kisha chagua saa

Morisi iko upande wa kusini wa ikweta, na misimu yake ni miwili. Mei hadi Oktoba ni kipupwe: pakavu, pana ubaridi mtamu, na upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi letu, huvuma kwa nguvu. Novemba hadi Aprili ni joto la nyuzi 30 na zaidi, unyevu, mvua za ghafla na vimbunga. Mimi ningechagua Juni hadi Septemba bila kufikiri mara mbili. Upepo utakusumbua huko juu, ila mwamba utakuwa mkavu, na mwamba mkavu ndio unaokurudisha nyumbani.

Kama tiketi imeshakatwa na ni Januari, basi fuata taarifa za hali ya hewa kila siku. Maonyo ya kimbunga kisiwani hutolewa kwa madaraja manne. Likitangazwa hata la kwanza, sahau mlima. Na ikiwa mvua imenyesha usiku, usidanganywe na jua la asubuhi: kwenye mikunjo isiyopigwa na jua mwamba hubaki na utelezi kwa saa nyingi, kwani huwa na ukungu mwembamba wa kijani usioonekana mpaka mguu uukanyage.

Saa za huko ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo simu yako ijirekebishe kabla hujaweka kengele. Lango hufunguliwa asubuhi mapema, na mchana kuna saa ambayo baada yake huruhusiwi tena kuanza kupanda. Saa hizo hubadilishwa, ulize hotelini siku moja kabla. Lengo lako liwe kuwa langoni linapofunguliwa. Ukianza mapema hivyo unapanda miamba kabla jua halijawa kali na kabla foleni haijakaa. Ukianza saa 4 utakutana na watu wanaoshuka mahali ambapo hapatoshi watu wawili. Kumbuka pia kwamba mwezi Juni na Julai jua huzama kabla ya saa 12 jioni.

Mwili na mzigo

Njia ina takriban kilomita 3.5 kwenda na nyingine 3.5 kurudi. Saa tatu hadi nne zinatosha kwa mtu wa kawaida, pamoja na mapumziko. Mazoezi ya mwezi mmoja yanatosha pia: panda ngazi za ghorofa mara tatu kwa wiki, na uzishuke taratibu bila kushika reli, kwa sababu magoti huumia kwenye kushuka. Ukiwa Mwanza au Dodoma una bahati, mawe ya kuparamia yako nje ya mlango. Nenda ukajifunze mguu unashikaje kwenye jiwe lililolala upande. Saa mbili za mchezo huo zina faida kuliko wiki nzima ya kukimbia barabarani.

Viatu ndiyo kila kitu. Chukua raba au buti zenye soli laini yenye meno, zinazobana vidole bila kuvikunja. Buti nzuri za mlimani zinapatikana kwenye mitumba kwa bei ya chini, ila zikunje kwa mikono kabla ya kulipa: soli iliyokauka kwa kukaa miaka stoo hubanduka nzima nzima siku ya kwanza, na kubandukiwa na soli katikati ya mwamba si jambo la kuhadithia kwa kicheko. Ndala, makubazi na raba za soli bapa zibaki chini.

Mengine ni haya: maji lita mbili kwa kila mtu, kwa sababu njiani hakuna bomba wala duka, paketi ya chumvi za kuongeza maji mwilini, kitu cha kutafuna chenye sukari na chumvi, karanga na tende zinatosha, kofia yenye kamba, maana upepo utaichukua isiyo na kamba, mafuta ya kukinga jua, na ndiyo, hata ngozi nyeusi huungua kwenye bahari inayorudisha mwanga, bendeji ya kufungia kifundo, filimbi, simu yenye chaji na laini ya huko. Vyote viingie kwenye begi dogo la mgongoni lenye mkanda wa kifuani. Begi la kuning'inia bega moja litakuzungusha mahali pabaya. Mikono yote miwili iwe mitupu. Kama unatumia fimbo za kutembelea, ziwe za kukunjwa.

Kufika mguuni mwa mlima

Wengi kutoka kwetu huruka kupitia Nairobi. Ukishatua, uwanja wa ndege uko kusini-mashariki mwa kisiwa, na kwenda Le Morne ni zaidi kidogo ya saa moja kwa gari. Morisi wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo kukodi gari hakutakuchanganya. Mabasi yapo: kutoka Quatre Bornes yapo yanayoteremka pwani ya magharibi kupitia Rivière Noire na La Gaulette kuelekea Baie du Cap. Ni nafuu na mandhari yake ni nzuri, lakini hayatakufikisha langoni alfajiri. Anayetegemea basi alale La Gaulette au kijijini Le Morne, kisha achukue teksi asubuhi.

Barabara ya kuelekea langoni hupita nyuma ya hoteli za ufukweni, kisha lami huisha na vumbi huanza. Egesha gari, usiache chochote kinachoonekana kwenye viti, na jisaidie kabla ya kutoka ulikolala. Langoni utaandika jina kwenye daftari. Usilipuuze daftari hilo: usiporudi, ndilo litakalosema kwamba uliingia. Kupanda ni bure. Njia ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016; kabla ya hapo watu walipita kwa ruhusa maalumu tu.

Mwongozaji si lazima. Mimi ningemchukua katika hali tatu: kama hujawahi kupanda kwa mikono, kama uko peke yako, au kama una mtoto au mzee. Mzuri utamjua mapema. Atatazama viatu vyako kabla ya kuzungumza bei. Na wakati wa kushuka atakuwa chini yako, akikuonyesha pa kuweka mguu, si juu akikuhimiza uharakishe.

Nusu ya kwanza: usijichoshe

Kuanzia langoni ni njia pana ya changarawe katikati ya msitu mkavu, inayopanda polepole. Hapa hakuna cha kufundishwa. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kukata maneno, kunywa mafunda machache kila robo saa, na ukitaka kuvua koti livue mapema. Kosa la kawaida ni vijana kuigeuza mbio, wakafika kwenye miamba miguu imeshaanza kutetemeka.

Baada ya kama saa moja miti inafunguka na unaona bahari: maji ya samawati nyepesi ndani ya mwamba wa matumbawe, mstari mweupe wa mawimbi, kisha buluu nzito ya kina kirefu. Hapo ndipo njia rahisi inapoishia.

Pale pa kuamua

Kaa chini dakika kumi. Kula kitu. Kisha jiulize bila aibu: mwamba mbele ni mkavu? Maji yamebaki zaidi ya nusu? Upepo unakusukuma ukiwa umesimama? Kuna mtu kwenye kundi anayeogopa urefu kiasi cha kushindwa kusogea? Jibu moja likiwa baya, geuka. Mandhari ya hapo ni sehemu kubwa ya utakayoyaona juu, na watu wengi wenye akili zao huishia hapo, wakapiga picha, wakarudi ufukweni kabla jua halijachoma. Watoto wa chini ya miaka kumi hivi, kwa maoni yangu, waishie hapo pia.

Muhimu kuliko yote: uamuzi ufanyike hapa, mkiwa mmekaa, na ufuate uwezo wa aliye dhaifu zaidi. Kundi linaloanza kujadiliana katikati ya mwamba tayari limechelewa.

Miambani

Kunja fimbo, ingiza simu ndani ya begi, kaza kamba za viatu upya. Kuanzia hapa hadi msalabani ni kama dakika 45 hadi saa nzima.

Mwamba wenyewe ni rafiki ukiujua. Lava ilipopoa iliacha vitundu vidogo vya mapovu ya gesi, na mahali pasipokanyagwa sana panakwaruza kiganja kama mbuzi ya nazi. Hapo kiatu hakitelezi. Tatizo ni sehemu ambazo kila mtu amepita: zimesuguliwa zikang'aa, na jicho huzipenda kwa sababu zinaonekana kama ngazi. Zitazame kwa pembeni, uone mng'ao, kisha utafute pa kukanyaga sentimita chache kando yake.

Kanuni ya kwanza ni viungo vitatu. Kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimetulia daima, kimoja tu ndicho kinachosogea. Ya pili: simama juu ya miguu yako. Woga humfanya mtu aukumbatie mwamba kwa kifua, na anapoukumbatia, nyonga hurudi nyuma, miguu husukumwa nje, ikateleza. Weka umbali wa kiganja kati ya tumbo na jiwe, kisigino kishuke kidogo, uzito uende chini kwenye soli. Mikono ni ya kukuweka sawa. Anayejivuta kwa mikono atakuwa amechoka kabla ya nusu.

Kabla ya kutegemea jiwe, ligonge kwa ngumi. Lililoshika hujibu kwa sauti fupi, kavu; lililolegea husikika tupu au husogea kidogo. Ukiangusha jiwe piga ukelele kwa lugha yoyote, wa chini wataelewa. Kwa sababu hiyo msifuatane karibu karibu: kwenye kipande kimoja cha mwamba apite mmoja, wengine wasubiri pembeni, kamwe si chini yake moja kwa moja.

Mahali pengine utakuta kamba imefungwa. Ishike kwa ajili ya kujiweka sawa, usiitundikie mwili wako wote, kwa kuwa jua na chumvi ya bahari huila kamba kutoka ndani na wewe hujui ilifungwa lini.

Na mimea usiivute. Mizizi imeshika udongo wa kina cha vidole viwili, haiwezi kukubeba. Tena baadhi yake haiko kwingine duniani. Ua la taifa la Morisi, Trochetia boutoniana, ambalo wenyeji huliita boucle d'oreille, yaani hereni, liliteuliwa mwaka 1992, na kwa asili yake humea kwenye mlima huu tu: kichaka chenye maua mekundu ya umbo la kengele, yaliyoinama, na asali yake ndani ni nyekundu. Hibiscus fragilis nayo imebaki hapa na kwenye mlima mmoja mwingine wa kisiwa hicho. Mtu akijishikiza na kichaka kimoja kikang'oka, ameanguka yeye na ameangusha sehemu ya jamii nzima ya mmea.

Mkipishana na wanaoshuka, ongeeni. "Bonzour" inatosha kuanzia. Aliye mahali salama ndiye anayesubiri, hata kama anapanda na ana haraka.

Msalabani

Kaeni mbali na ukingo. Upepo huja kwa mikupuo na si mfululizo. Upande wa kaskazini utaona kisiwa kidogo cha Île aux Bénitiers, na nyuma yake milima ya Rivière Noire, ambako ndiko kuna kilele kirefu kuliko vyote Morisi, Piton de la Petite Rivière Noire, mita 828.

Usijinyooshe ukingoni kutafuta yale "maporomoko ya maji chini ya bahari" uliyoyaona mtandaoni. Si maporomoko. Ni mchanga unaoteremka kwenye ukingo wa sakafu ya bahari mpaka kwenye kina kirefu, na picha zile hupigwa kutoka kwenye helikopta.

Piga picha, kunywa maji, baki na angalau nusu lita ya akiba. Usikae mpaka mwili upoe na misuli ikaze.

Kushuka

Panga kushuka kuchukue muda uleule wa kupanda. Miguu imechoka na shabaha imeshapatikana, kwa hiyo watu hupunguza umakini mahali ambapo unahitajika zaidi.

Penye mwinuko mkali geuka, uso uelekee mwamba, ushuke kama unayeteremka ngazi ya dari. Tazama kati ya miguu, chagua pa kukanyaga, shusha mguu mmoja, uujaribu, kisha ndipo uhamishe mkono. Pasipo pakali sana kaa kwa makalio, ushuke kwa kiganja na kisigino. Suruali itachakaa, na hiyo ni gharama ndogo. Usiruke hata kimo cha goti. Mwenye uzoefu zaidi atangulie chini, dhaifu awe wa pili nyuma yake. Mtu akiganda kwa hofu, msimshangilie wala msimtanie. Mmoja tu azungumze naye, kwa sauti ya chini, ampe kazi moja moja: "Mguu wa kushoto, chini kidogo. Hapo. Sasa mkono."

Mkirudi kwenye changarawe pia hatua ziwe fupi. Mawe madogo juu ya udongo mgumu yameangusha waliokwisha kushuka mwamba salama.

Likitokea jambo

Gari la wagonjwa ni 114, polisi 999. Sema uko Le Morne Brabant, juu au chini ya ile sehemu ya mandhari, na hali ya mgonjwa. Kifundo kikiteguka usivue kiatu, kitavimba na hakitarudi. Funga bendeji juu yake. Aliyepigwa kichwa au mgongo asinyanyuliwe. Misuli ikikaza, maji yenye chumvi zile na kuinyoosha taratibu. Mtu aliyeacha kutoka jasho na kuanza kuongea ovyo amezidiwa na joto: kivulini, mwagia maji, piga simu.

Ukishatoka

Saini tena kwenye daftari kama utaratibu wa langoni unadai. Chini ya mlima kuna mnara wa kumbukumbu ya Njia ya Watumwa, wenye sanamu za mawe, na hapo ndipo hufanyika maadhimisho ya kila tarehe 1 Februari, ambayo ni sikukuu ya taifa. Mtu wa Kilwa, Lindi au Mombasa atakuwa na sababu ya kupitia.

Ufukwe wa umma uko karibu. Ogelea ndani ya matumbawe na ukae mbali na milango ya maji, yaani mianya ya kwenye matumbawe, mkondo wake huvuta. Kwa njaa, tafuta dholl puri, chapati laini iliyojazwa dengu, au gato pima, ambazo mla bajia yeyote atazitambua kwa harufu kabla hajauliza bei. Lipa kwa rupia taslimu, na kama unarudi kwa basi, uliza saa ya la mwisho kabla hujakaa kula: jioni hukoma mapema.